Mpaka Ulimi Useme Basi

Wilaiwan hakuniandikia vipimo.
Nyuma ya karatasi ya zamu ya usiku,
yenye majina ya wazee waliokwisha kumeza dawa,
alichora bakuli,
akachora kidole ndani ya bakuli,
akasema: onja, ongeza, onja,
mpaka ulimi useme basi.
Kisha akahamia Aberdeen kwa bintiye,
nami nikabaki Dundee na kidole changu.

Leo Jumapili. Theluji imegandamana dirishani kama ukoko.
Nimenunua ukwaju dukani kwa Bwana Rafaqat, Hilltown,
pande jeusi la mraba, limebanwa na nailoni
kama tofali la tumbaku.
Naloweka kwa maji ya moto. Nangoja.
Natia mkono, nafikicha, na vidole
vinaikumbuka kazi bila kuniuliza:
kokwa huku, nyuzi kule,
na uji wa rangi ya udongo wa Korogwe mvua ikikatika.

Yeye aliuita makham.
Nikamwambia kwetu tunda ni ukwaju,
mti ni mkwaju,
na mkwaju pia ni fimbo.
Akadhani nimekosea neno.
Nikamwonyesha kiganja: hapa, darasa la tano,
mwalimu Shemdoe, mikwaju sita kwa kuchelewa,
na nilichelewa kwa kuokota ukwaju.
Alicheka hadi mzee wa chumba cha nne akapiga kengele.

Sukari ya mnazi sina. Nina sukari guru,
naikata kwa kisu, vipande vinarukia sakafuni.
Inayeyuka kwa uvivu, inanung'unika povu.
Kitunguu saumu, punje nne. Hapana, tano.
Mchele nimeukaanga mkavu ukanukia kama bisi,
nikautwanga kwa tako la chupa, maana kinu
hakikuingia kwenye zile kilo ishirini na tatu za ndege.

Pilipili kavu ndizo zilizoniponza.
Kuzigusisha tu kikaango, king'ora cha moshi kikapayuka.
Nikapanda kiti, napepea kanga,
nakohoa, machozi yananiingia mdomoni,
na Bwana Geddes wa ghorofa ya juu
anagonga sakafu yake, ambayo ni dari yangu,
kwa kitu nidhaniacho ni bakora.
Na huo nao mkwaju, nikaiambia dari.

Ndipo nikagundua sina yale maji ya samaki,
ya chupa, yanayonuka gati.
Nina dagaa wa Kigoma, nusu mkebe wa kahawa.
Nikachemsha gao moja na chumvi, nikachuja.

Naonja. Ugwadu unaingia bila kuvua viatu,
unafinya taya zote mbili, unanifumba jicho.
Utamu unakuja nyuma, unaushika shati.
Kisha pilipili, ambayo haina haraka,
inaijua nyumba.
Bado. Kuna kitu kimepungua,
au kimezidi, na chumvi haikubali kushtakiwa.
Ukwaju kidogo. Naonja. Sukari. Naonja.
Ulimi hausemi basi. Ulimi unasema lete.

Kuku wa kuoka amepoa sahanini.
Nachovya paja. Nachovya tena.
Paja likiisha nachovya mkate,
mkate ukiisha nachovya kile kidole cha kwenye mchoro.

Usiku nikampigia simu.
Hakuuliza ladha. Aliuliza:
inaangukaje kutoka kijikoni?
Nikaiweka simu mezani, nikainua kijiko juu ya bakuli,
tukasikiliza wote wawili.
Tone likaanguka.
Tena, akasema.
Likaanguka.
Nzito hiyo, akasema. Ongeza maji.

Habari za dagaa sikumwambia.